Hesabuni Vitanda, Si Milango: Tamko la Wahudumu wa Vyumba vya Meli za Watalii Kuhusu Huduma ya Jioni

Sisi wahudumu wa vyumba katika meli za watalii, tuliojiunga katika chama chetu hapa Mombasa, pamoja na wenzetu walioko baharini wakati huu waliotuma maoni yao kwa ujumbe wa sauti, tunatoa tamko hili kwa kampuni zinazotuajiri, kwa mawakala wanaotupeleka kazini, kwa Serikali ya Kenya na kwa abiria tunaowatandikia vitanda. Tamko linahusu huduma ya jioni, yaani ile zamu ya pili ambapo mhudumu huingia chumbani wakati abiria yuko kwenye chakula cha usiku. Katika meli nyingi huduma hiyo imeondolewa, au imebakizwa kwa wachache. Kazi yake haikuondoka. Hilo ndilo lililotukutanisha.

Kwa ndugu zetu wa nchi kavu ambao hawajapata kuiona kazi hii, tueleze kidogo. Asubuhi mhudumu husafisha chumba chote: kitanda, choo, bafu, vioo, zulia na roshani kama ipo. Jioni, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa tatu usiku hivi, hurudi. Huondoa kitambaa cha mapambo kilicholazwa upande wa miguu, hukunja pembe ya mfarishi ili mtu aingie kitandani bila kuvutana nao, hufunga mapazia, huwasha taa ndogo, hubadilisha taulo zilizolowa, humwaga taka, hujaza barafu. Zamani aliacha pia chokoleti juu ya mto na karatasi ya ratiba ya kesho. Ratiba siku hizi imehamia kwenye simu, na chokoleti nayo katika meli nyingi imepotea bila kuagwa. Chumba cha watu wawili wenye mpangilio ni dakika chache tu. Anayetuona tukipita koridoni na toroli anaweza kudhani kazi yenyewe ni pambo.

Chumba cha watu wanne ni habari nyingine kabisa. Vyumba vingi vya kawaida ni vya mita za mraba 15 au zaidi kidogo. Ndani yake wanalala baba, mama na watoto wawili, pamoja na masanduku yao. Vitanda viwili vya watoto hufungwa darini au ukutani mchana, na jioni mhudumu hupanda, huvifungua kwa ufunguo maalumu, huvishusha, huvitandika akiwa amenyoosha mikono juu ya kichwa, huweka kizuizi mtoto asianguke, kisha hupachika ngazi. Mahali pengine ni kochi linalovutwa kuwa kitanda, na hapo meza lazima ihame kwanza. Asubuhi yote hurudishwa kama yalivyokuwa, kwa sababu bila hivyo watu wanne hawana pa kukanyaga. Kazi hii kwa asili yake ina ncha mbili, jioni na asubuhi. Ukiondoa ziara moja, ama vitanda vinaning'inia mchana kutwa na familia inaishi imeinama, ama mama mwenye chumba anapiga simu mapokezi saa mbili usiku kuomba vishushwe. Simu hiyo inaishia kwetu. Mhudumu anayeitwa wakati huo mara nyingi ameshaandikwa kwamba yuko mapumzikoni.

Tuseme neno pia juu ya wanyama wa taulo, hata kama wapo watakaocheka kuwaona ndani ya tamko. Tembo anahitaji taulo mbili. Ile kubwa hukunjwa kwa urefu, ncha zake mbili zikaviringishwa na kukazwa hadi zikutane katikati, kisha hupindwa asimame kwa miguu minne. Ile ndogo huviringishwa kutoka pembeni ikawa mkonga, na kona zilizobaki zikafunuliwa kuwa masikio. Asipokazwa barabara, huporomoka kabla mtoto hajarudi kutoka mezani. Hakuna aliyeajiriwa kwa ajili ya tembo, na hakuna mstari wa tembo katika ratiba ya kazi. Lakini picha zake zinapamba matangazo, na abiria aliyemkosa humwandika katika fomu ya maoni chini ya jina la mhudumu. Kama kampuni inamtaka tembo, imuwekee dakika zake. Kama haimtaki, imwambie abiria yenyewe, isituachie sisi kumpa mtoto wa watu habari hizo.

Tueleze sasa hali ilivyobadilika. Mwaka 2023 kampuni mbili kubwa zenye makao yao Miami zilitangaza kwamba vyumba vya kawaida vitahudumiwa mara moja kwa siku, huku vyumba vya kifahari vikiendelea kuhudumiwa mara mbili. Kulikuwa na kampuni iliyotangulia kabla ya hapo, na zikawapo zilizofuata. Sababu tunazozisikia ni kwamba abiria hapendi kugongewa mlango mara mbili, kwamba taulo zinazofuliwa zinapungua na maji yanaokolewa. Hatuzikatai moja kwa moja. Abiria wengi kweli wanatuambia ziara moja inawatosha, na kila anayefanya kazi dobini chini ya sitaha anajua taulo zinavyorundikana. Tatizo letu liko katika yale yaliyokuja pamoja na uamuzi huo bila kutangazwa. Wanachama wetu wengi wanaeleza mambo mawili yanayofanana, ingawa wako katika meli tofauti: msaidizi aliyekuwa akigawana nao korido ameondolewa, na idadi ya vyumba vya kila mhudumu imepandishwa. Hesabu iliyofanywa ofisini ni kwamba, kwa kuwa ziara imepungua, mtu mmoja anatosha kwa milango mingi zaidi.

Hesabu hiyo ingekuwa na mashiko kama zamu ya jioni ingekuwa imefungwa kweli. Haikufungwa. Katika meli nyingi abiria ameachiwa achague kuhudumiwa asubuhi au jioni. Upande mmoja wa korido wanachagua asubuhi, upande wa pili jioni, na wapo wanaochagua asubuhi kisha wanalala hadi saa saba mchana na kibao cha kutosumbuliwa mlangoni. Kwa hiyo mhudumu bado yuko kazini asubuhi, bado yuko kazini usiku, na kile kipande cha mchana alichokuwa akinyoosha mgongo na kuzungumza na nyumbani sasa kimemezwa na vyumba vya nyongeza. Siku ya kubadilisha abiria, ambapo maelfu wanashuka asubuhi na maelfu wanapanda mchana, hatutaieleza hapa. Inastahili tamko lake.

Sheria ya saa za kazi na mapumziko ipo na haina utata. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 wa Shirika la Kazi Duniani, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaruhusu bendera ya meli kutumia moja ya vipimo viwili. Cha kwanza ni kikomo cha kazi: saa 14 katika kila saa 24, na saa 72 katika siku saba. Cha pili ni kiwango cha chini cha mapumziko: saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Mapumziko hayo hayaruhusiwi kukatwa zaidi ya vipande viwili, na kimoja lazima kisipungue saa sita. Mkataba huohuo unamhesabu kuwa baharia kila mtu anayefanya kazi melini, kwa wadhifa wowote. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo mawakala hapa mjini ambao, mtu akiuliza haki zake, humjibu kwamba yeye ni mtu wa hoteli, si baharia. Meli tunazofanyia kazi zinapeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta na kwingineko, na mkataba huu unazifunga.

Sasa tuingie katika kiini cha madai yetu. Abiria hutozwa ada ya huduma ya kila siku, anayoambiwa ni shukrani kwa wafanyakazi wanaomhudumia. Ada hiyo haikupungua ziara ilipopungua. Mwanzoni mwa mwaka uleule wa 2023, moja ya kampuni tulizozitaja ilikuwa ikitoza dola 20 kwa mtu kwa siku katika chumba cha kawaida, baada ya kuipandisha. Tupige hesabu pamoja. Chumba cha watu wawili kinaleta dola 40 kwa siku, na cha watu wanne dola 80. Kwa wiki moja, dola 280 dhidi ya 560. Katika fedha, kampuni inajua vizuri sana kwamba chumba chenye watu wanne ni mara mbili ya chumba chenye watu wawili. Ikifika kwenye kugawa kazi, vyote viwili vinaandikwa chumba kimoja. Abiria anatozwa kwa kichwa, sisi tunapangiwa kwa mlango. Mhudumu aliyepewa korido ya familia wakati wa likizo za shule ana shuka, foronya, taulo na taka za watu karibu mara mbili ya mwenzake wa sitaha ya juu, na karatasi ya msimamizi inaonyesha wako sawa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliyepanga karatasi ile hajawahi kushusha kitanda cha darini huku meli inayumba.

Tunakiri kwamba ndani ya chama hatuoni jambo hili kwa jicho moja, na kamati haikutaka kulificha. Vijana wengi waliopanda meli miaka hii ya karibuni hawataki huduma ya jioni irudi. Wanataka zamu moja inayoisha alasiri, mtu aoge, ale, apige simu nyumbani kabla mama hajalala. Wazee wa kazi wanasema huduma ya jioni ndiyo iliyomfanya abiria akujue. Asubuhi anakukuta umeinama chooni na glavu mkononi. Jioni mnakutana mlangoni amevaa vizuri, anakuuliza unatoka wapi, mtoto wake anakusimulia aliyoyaona bandarini, na siku ya kushuka bahasha ya bakshishi inakuja na jina lako juu yake. Wengi wa wazee hawa walijenga nyumba Likoni na Kisauni kwa bahasha hizo. Tumewasikiliza wote. Kamati imeona kwamba ugomvi wa kurudisha au kutorudisha unawapa kampuni nafasi ya kutusikiliza nusu nusu. Msimamo wa pamoja ni kwamba abiria na kampuni wachague ratiba waitakayo, ila ratiba yoyote itakayochaguliwa lazima iwe na watu wa kuifanya na saa za kulala.

Lipo jambo lingine ambalo si la mfuko wetu. Mhudumu anayeingia mara mbili kwa siku huona mambo. Huona pasi ya nywele iliyoachwa ikiwaka juu ya meza. Huona mzee anayesafiri peke yake hajagusa kitanda wala chakula tangu asubuhi. Huona dalili za kutapika, ambazo abiria wengi huzificha wakiogopa kufungiwa chumbani. Meli zenye abiria 13 au zaidi zinazoingia bandari za Marekani kutoka nje ya nchi hiyo hukaguliwa na mpango wa usafi wa meli wa mamlaka ya afya ya huko: alama ni 100, na inayopata 85 au chini yake imeanguka. Abiria au wafanyakazi walioripotiwa kuharisha au kutapika wakifika asilimia 3, mlipuko hutangazwa hadharani. Yule anayepangusa vitasa na swichi kwa dawa siku hizo ni sisi, na yule ambaye angegundua mgonjwa wa kwanza saa kumi na mbili jioni, badala ya kesho yake saa tano, ni sisi vilevile. Hatusemi ziara ya pili huzuia ugonjwa. Tunasema imeondolewa bila mtu yeyote kutuuliza tulikuwa tukiona nini.

Na kwa kuwa suala la kuingia chumbani ni nyeti, tukumbushe pia sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa abiria melini. Inazitaka kampuni ziweke utaratibu wa wafanyakazi gani wanaruhusiwa kuingia vyumbani na kwa nyakati zipi. Ni sheria nzuri, inamlinda abiria na inamlinda mhudumu mwaminifu. Lakini mhudumu anayeitwa usiku kwa simu, nje ya saa zake zilizoandikwa, kwenda kushusha kitanda cha mtoto, anaacha alama ya kadi yake kwenye mlango huo wakati ambapo hakupaswa kuwapo. Likitokea la kutokea, kama kitu kupotea au mtu kulalamika, atajieleza peke yake. Hatukubali mwanachama wetu awekwe katika hali hiyo kwa ajili ya hisani.

Kwa hiyo, kwa kampuni tunasema hivi. Kazi igawanywe kwa idadi ya vitanda vinavyolaliwa safari hiyo, kama vinavyoonekana kwenye orodha ya abiria ambayo kampuni inayo kabla meli haijang'oa nanga. Chumba chenye vitanda vya juu au kochi la kuvuta kihesabiwe pamoja na kazi ya kuvishusha na kuvipandisha. Pale ambapo abiria wanachagua kati ya asubuhi na jioni, mhudumu mmoja asipangiwe ncha zote mbili za siku bila msaidizi, na miito ya usiku iwe na mtu wa zamu anayelipwa kwa kazi hiyo na aliyeandikwa kwa saa hizo. Na abiria aambiwe ukweli siku anayokata tiketi juu ya huduma atakayoipata. Tumechoka kuwa watu wa kwanza kumweleza mgeni, mlangoni mwa chumba chake, kwamba alichokizoea miaka kumi iliyopita hakipo tena.

Mawakala tunawakumbusha jambo moja tu, kwa kuwa mengine wanayajua. Mkataba wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anaweza kujilipia cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama za viza ni za mwenye meli. Kijana anayepanda meli tayari ana deni la wakala shingoni hawezi kukataa chumba cha nyongeza, hata awe anajua sheria kwa moyo.

Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2014. Tangu hapo tumesikia hotuba nyingi kuhusu uchumi wa bahari na nafasi za kazi kwa vijana wa Pwani, na tunashukuru kwamba milango imefunguliwa. Tunaiomba KMA, mamlaka inayosimamia shughuli za baharini nchini, isiishie kuhesabu waliopanda meli. Mkataba wa kazi unapoletwa kukaguliwa, waulize: mhudumu huyu atapewa vitanda vingapi? Ana msaidizi? Zamu yake inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi? Na meli hizi zinapotia nanga Kilindini msimu wa kaskazi, mbali na ngoma za kuwapokea watalii, mkaguzi apande aombe kuona kumbukumbu za mapumziko za idara ya vyumba. Nchi iliyoridhia mkataba ina mamlaka ya kuikagua meli ya kigeni iliyo bandarini mwake, na baharia wa taifa lolote anaweza kupeleka malalamiko yake nchi kavu, katika bandari yoyote ya nchi kama hiyo.

Abiria wetu wapendwa, tuna maombi machache kwenu. Mkikasirishwa na kukosa huduma ya jioni, msiende mapokezi kuondoa ile ada ya kila siku. Uamuzi si wetu, na hasara inatua kwetu. Andikeni malalamiko kwa kampuni, na mkitaja jina la mhudumu, litajeni kwa alilolifanya. Mkichagua asubuhi, mtupishe asubuhi. Mkiwa na watoto wanaohitaji vitanda vya juu, semeni siku ya kwanza mngependa vishushwe saa ngapi, tupange siku yetu kwa hilo.

Mwisho ni agizo kwa wanachama. Mkataba unampa kila baharia haki ya kupewa nakala ya kumbukumbu za saa zake za mapumziko, yenye saini ya nahodha au aliyemwakilisha, na saini ya baharia mwenyewe. Kuanzia safari yenu ijayo, ombeni nakala hiyo. Msitie saini karatasi tupu, wala karatasi iliyojazwa saa za kesho, wala inayosema mlikuwa mmelala wakati mlikuwa kwenye ngazi. Andikeni kando, kwa mkono wenu, kila mwito wa usiku: tarehe, saa, namba ya sitaha, kazi iliyofanywa. Msiandike jina la abiria. Msimamizi akikataa kurekebisha, fuateni utaratibu wa malalamiko wa ndani ya meli, ambao lazima mpewe nakala yake pamoja na mkataba wa kazi, na mna haki ya kusindikizwa na mwenzenu. Anayeshuka meli alete daftari lake ofisini kwa chama kabla hajasaini mkataba mwingine. Kamati itazikusanya kumbukumbu hizo, itaondoa majina yenu, na itaziwasilisha kwa KMA na kwa Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF.

Limetolewa Mombasa na kamati ya chama, kwa niaba ya wanachama walioko nyumbani na walioko baharini.